Bustani ya Kardinali na shamba la Nabothi

Ndugu msomaji, katika mji wa Tivoli, kiasi cha kilomita 30 kutoka Roma, ipo bustani ambayo utaisikia kabla hujaiona. Ni mvumo wa maji. Nilifika huko na wenzangu wa safari ya hija, siku yetu ya mapumziko.

Jumba lenye bustani hiyo linaitwa Villa d'Este. Alilijenga Kardinali Ippolito II d'Este, mtu wa ukoo uliotawala Ferrara. Alitamani sana kuwa Papa, akajaribu zaidi ya mara moja, akakosa. Mwaka 1550 Papa Julius III alimpa ugavana wa Tivoli. Makazi aliyopewa yalikuwa nyumba ya watawa ya zamani. Akaigeuza kuwa jumba la fahari, na mteremko ulio chini yake akaufanya bustani, kwa ramani ya Pirro Ligorio.

Ndani, kuta na dari zimejaa picha zilizochorwa juu ya lipu ikiwa bado mbichi, ili rangi ishikamane na ukuta. Chumba kimoja kina Nuhu. Kingine kina Musa akiupiga mwamba, maji yakibubujika. Ukitoka nje, unayakuta maji yenyewe. Yanatoka mto Aniene, yanapita katika mfereji uliochimbwa chini ya mji, kisha yanashuka bustanini kwa uzito wake tu, bila pampu. Ipo hata ogani inayopigwa kwa nguvu ya maji.

Moyo wangu ulikuwa ukimsifu Mungu, mpaka tulipoelezwa kwamba mteremko ule haukuwa pori. Palikuwa na nyumba za watu. Zilibomolewa kupisha bustani. Wakazi walikwenda mahakamani kupinga, lakini bustani ikajengwa.

Hapo nikamkumbuka Nabothi. Tukisoma 1 Wafalme 21, tunaona kwamba mfalme Ahabu hakuanza kwa kumwaga damu. Alitaka tu bustani ya mboga karibu na nyumba yake, tena aliahidi kulipa vizuri. Balaa lilianza aliposhindwa kulipokea neno "hapana" kutoka kwa jirani yake.

Ndugu yangu, nilikuwa na sababu ya kuinamisha kichwa. Mimi ni mjumbe wa kamati ya ujenzi ya kanisa letu. Kwa miezi mingi tulikuwa tukimfuata mama mmoja mjane, jirani wa kanisa, atuuzie kiwanja chake tupate maegesho ya magari. Alikataa mara tatu. Tukaanza kumwombea Mungu amlainishe moyo. Pale Tivoli nilijiuliza: tulikuwa tunamwombea yule mama, au tulikuwa tunamtumia Mungu kama dalali?

Kardinali alifariki mwaka 1572, na kazi ya bustani haijakamilika. Mwandishi wa Mhubiri 2 naye alijenga majumba, akapanda bustani, akachimba mabirika ya maji. Alipoitazama kazi yote ya mikono yake, aliona ni ubatili.

Sisemi kwamba uzuri ni dhambi. Mungu mwenyewe alipanda bustani kule Edeni. Lakini yale maji ya mwambani, ambayo Kardinali aliyachoresha ukutani kwake, Mungu aliyatoa kwa ajili ya watu wenye kiu, si kwa kumtukuza Musa. Kazi tunayosema ni ya Mungu inapimwa pia na jirani anayeishi kando yake.

Niliporudi tulikaa kikao kirefu, na baadhi ya wazee hawakufurahi. Mwishowe tulikwenda watatu kumwomba mama radhi. Alitukaribisha chai, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Wanangu, nilikuwa nimeanza kuiogopa kengele yenu."

Magari yetu bado yanabanana barabarani. Mama bado anauza maandazi barazani pake, nasi tukitoka ibadani tunanunua.

Je, ndugu msomaji, ni nani anayeiogopa kengele yako? Jumapili njema.