Radi ya Tororo na Mtambo wa Muziki Nyumbani

Askari atokaye lindoni, au polisi amalizaye zamu yake mpakani, ana starehe moja iliyo halali na iliyo karibu: kuketi nyumbani kwake pamoja na jamaa zake na kusikiliza muziki. Ndiyo sababu katika nyumba nyingi za askari hapa Tororo na kule Busia, baada ya kitanda na meza, kitu kinachofuata kununuliwa ni mtambo wa muziki: redio ya kaseti au mashine ya santuri, kikuza sauti, na spika mbili za kuwekwa huku na huku. Siku hizi wengi huunganisha simu ya mkononi mahali ilipokuwa kaseti, lakini waya, plagi na spika ni zile zile, na hatari ni ile ile.

Makala haya hayana nia ya kumnyima mtu yeyote starehe hiyo. Nia yake ni kuonyesha jinsi ya kuupanga mtambo huo ili usije ukamdhuru yule yule aliyenunuliwa kwa ajili yake.

MJI WA NGURUMO

Kila atumikiaye Tororo huujua mwamba wake mkubwa unaoonekana kutoka mbali. Lakini mji huu una sifa nyingine iliyoandikwa katika vitabu vya dunia nzima. Katika miaka kumi, kuanzia 1967 hadi 1976, ilihesabiwa kwamba ngurumo ilisikika Tororo kwa wastani wa siku 251 kila mwaka. Maana yake, katika kila siku tatu, siku mbili zilikuwa na radi.

Sababu yake si uchawi wala si mwamba. Kusini yetu liko Ziwa Victoria, ambalo hewa yake imejaa unyevu. Kaskazini uko Mlima Elgon. Jua lipigapo nchi kavu tangu asubuhi, hewa ya moto hupanda, na ile yenye unyevu kutoka ziwani huja kushika nafasi yake. Hewa hiyo nayo hupanda na kugeuka mawingu mazito, na alasiri ngurumo huanza. Busia, iliyo karibu zaidi na ziwa, haina nafuu.

Kwa hiyo mtu wa Tororo au Busia hawezi kuweka mtambo wa muziki kama mtu wa mahali pengine. Pengine adui wa mtambo ni vumbi na mikono ya watoto. Hapa adui wa kwanza hutoka mawinguni.

YALIYONIPATA MIMI

Sisemi haya kama mtu aliyeyasoma tu. Katika chuo cha makadeti tulifundishwa kwamba silaha haiaminiwi mpaka imekaguliwa kwa mkono na kwa jicho. Somo hilo nililishika kwa bunduki, nikalisahau nyumbani kwangu.

Nilikuwa nimenunua kikuza sauti kilichotumika, pale Busia, pamoja na spika zake mbili. Plagi yake ilikuwa ya pini mbili za mviringo, na soketi yangu ilikuwa ya matundu matatu. Nilifanya kama wafanyavyo wengi: nilisukuma kalamu katika tundu la juu, vifuniko vya ndani vikafunguka, nikaingiza pini mbili kwa nguvu. Muziki ukalia vizuri sana. Tena nilipandisha eriali ya redio juu ya mti wa mwanzi, ipite paa, ili nipate stesheni za mbali. Majirani walinisifu, nami nikafurahi.

Alasiri moja mvua ilitukuta mimi nikiwa kazini. Ngurumo zilikuwa zimeanza, na redio ilikuwa ikikoroma. Kijana wangu, aliyekuwa na umri wa miaka saba, aliona ni wajibu wake kuuzima mtambo wa baba. Alikuwa amekwisha kunyosha mkono wake mama yake alipomwita kwa sauti kali kutoka chumba cha pili. Mtoto akageuka, akapiga hatua mbili tatu. Ndipo radi ilipopiga nje. Mwanga ulitoka nyuma ya kikuza sauti, soketi ikararuka kutoka ukutani, na nyumba ikajaa moshi.

Niliporudi jioni nilimkuta mtoto amekaa mapajani mwa mama yake, hataki kushuka. Mtambo ulikuwa umekufa. Hilo si kitu. Nilitazama umbali uliokuwapo kati ya ile alama nyeusi ukutani na mahali aliposimama mtoto. Haukufika mita mbili. Tangu siku hiyo nimejifunza mambo ya umeme kwa bidii kuliko somo lolote nililopata kufundishwa.

PLAGI NA WAYA WAKE

Umeme wa nyumbani nchini Uganda na Kenya ni wa volti 240, na plagi ni ile ile ya pini tatu za pembe nne. Kuvuka mpaka wa Busia hakubadilishi lolote kati ya hayo. Kati ya pini hizo, ile ndefu ya juu ni ya ardhi. Haikutengenezwa ndefu bure: huingia kwanza, hufungua vifuniko vya matundu mengine mawili, na huunganisha mwili wa chombo na ardhi kabla umeme haujafika. Ikiwa waya wenye umeme utakatika ndani na kugusa bati la chombo, umeme huo hukimbilia ardhini na fyuzi hukatika. Pasipo waya wa ardhi, bati hilo hukaa na volti 240 likimngoja atakayeligusa.

Anayesukuma kalamu katika tundu hilo basi huondoa ulinzi wa aina mbili kwa mara moja. Vipo vyombo vilivyotengenezwa bila waya wa ardhi, navyo huwa na alama ya mraba mdogo ndani ya mraba mkubwa. Hivyo navyo havitaki kalamu. Vinataka plagi ya kweli ifungwe na fundi, au kiunganishi kilicho imara.

Rangi za waya ni hizi: kahawia ni wenye umeme, buluu ni wa kurudisha, kijani chenye mstari wa njano ni wa ardhi. Katika vyombo vya zamani utakuta nyekundu, nyeusi na kijani kwa mpango huo huo. Wa umeme hufungwa kulia, penye fyuzi; wa kurudisha kushoto; wa ardhi juu. Ukibadilisha wa kulia na wa kushoto, chombo kitalia vile vile, lakini hata ukizima swichi yake ndani yake mtabaki umeme.

Fyuzi nayo ina hesabu yake. Gawanya wati za chombo kwa 240, utapata ampea. Mtambo wa wati 300 hautumii hata ampea mbili, basi fyuzi ya ampea 3 inautosha. Ile ya ampea 13 ni ya pasi na birika. Mwenye kuzungushia fyuzi iliyokatika karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara amemfukuza mlinzi na kuuacha mlango wazi.

Kabla ya kulipa fedha sokoni, soma maandishi yaliyo nyuma ya chombo. Vyombo vilivyotengenezwa kutumika Japani huandikwa volti 100, na vya Marekani 120. Vingine vina swichi ndogo ya kuchagua, na muuzaji huenda hakuigusa. Chombo cha volti 120 kikiunganishwa na 240, huungua mara moja, na pengine huwaka moto.

KUPANGA SPIKA NA KIKUZA SAUTI

Kikuza sauti hutoa joto, nalo lazima litoke. Kiweke juu ya meza imara, mbali na pazia, na uache nafasi ya upana wa kiganja kila upande. Kitambaa cha kufuma na chupa ya maua, ambavyo akina mama hupenda kuvitandika juu yake, viwekwe mahali pengine: kitambaa huziba matundu, na maji ya maua yakimwagika huingia penye umeme.

Unganisha spika wakati mtambo umezimwa na plagi imechomolewa. Nyekundu iende kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi. Ukigeuza moja, sauti nzito itapotea. Usiache nyuzi za waya zikagusana, maana hilo huua kikuza sauti. Angalia pia idadi ya omu zilizoandikwa. Spika mbili za omu 8 zikifungwa pamoja katika tundu moja huwa omu 4, na si kila kikuza sauti kinaweza kustahimili mzigo huo. Ziweke spika ili wewe nazo mfanye pembe tatu zilizo sawa, na midomo yake iwe kimo cha masikio ya aliyeketi. Punguza sauti hadi sifuri kabla ya kuwasha.

Wala usifungue mfuniko wa kikuza sauti kwa sababu tu umekwisha kuchomoa plagi. Ndani yake mna vihifadhi umeme ambavyo hubaki na nguvu ya kumdhuru mtu hata baada ya kuzimwa. Kazi hiyo ni ya fundi.

RADI INAPOKARIBIA

Sasa nakuja kwenye jambo lililonifanya niandike. Wengi husema, mvua ikianza nitazima. Kuzima swichi hakutoshi, kwa kuwa radi iliyoruka kilomita kadhaa kutoka wingu hadi ardhi haizuiliwi na nafasi ndogo iliyo ndani ya swichi. Hapana budi plagi itoke ukutani, na waya wa eriali utoke nyuma ya redio na kuwekwa mbali na watu. Soketi za kurefusha zenye kinga husaidia umeme wa kawaida unapopanda ghafula, ikiwa zina waya wa ardhi ulio mzima; lakini radi ikipiga nyumba au nguzo iliyo jirani, haziwezi kitu.

Jambo kubwa ni wakati. Plagi ichomolewe wingu linapojikusanya, si radi inapokuwa juu ya paa. Anayeshika plagi wakati huo anashika upande mmoja wa waya ambao upande wake mwingine uko juu ya nguzo. Ukiona umeme wa radi, hesabu sekunde mpaka usikie ngurumo, kisha gawanya kwa tatu: hizo ndizo kilomita. Ikiwa sekunde hazifiki 30, radi iko ndani ya kilomita kumi, na umekwisha kuchelewa. Mtambo uache ulivyo, ukae mbali na kuta, waya na mabomba ya maji, ungoje dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho. Chombo hununuliwa tena.

Kwa hiyo sheria ya nyumbani kwangu sasa ni hii: yeyote anayetoka wa mwisho asubuhi huchomoa plagi na eriali, hata kama mbingu ni safi. Mtoto haruhusiwi kugusa.

Umeme ukikatika, chomoa vile vile, na ukirudi ngoja dakika chache, kwani mara nyingi hurudi kwa kuruka juu na chini kabla ya kutulia.

ALIYEPIGWA AOKOLEWEJE

Askari na polisi ndio huitwa kwanza penye ajali, basi wajue tofauti hii. Mtu aliyeshikwa na umeme wa nyumbani asiguswe kabla swichi kuu haijazimwa. Ikishindikana, asukumwe kwa mti mkavu. Lakini mtu aliyepigwa na radi hana umeme uliobaki mwilini. Anaweza kuguswa mara moja, na lazima aguswe mara moja. Wako wanaoamini kwamba ni mwiko kumgusa. Imani hiyo inaua. Ikiwa hapumui na moyo umesimama, bonyezwe kifua katikati, kwa nguvu na upesi, mara 100 hadi 120 kwa dakika, apuliziwe pumzi, na kazi hiyo isiachwe njiani kuelekea hospitali. Mwezi wa Juni 2011 radi iliua wanafunzi 18 wa Shule ya Msingi ya Runyanya, wilayani Kiryandongo. Hatujui siku ambayo sisi tutakuwa karibu.

Moto wa umeme usimwagiwe maji. Zima swichi kuu, kisha tumia mchanga mkavu au kizima moto cha unga.

MASIKIO NA MAJIRANI

Mwisho, masikio. Mlio wa bunduki hupita desibeli 140, na askari wengi wamekwisha kupoteza sehemu ya usikivu wao uwanjani. Sauti ya desibeli 85 mtu huweza kuivumilia kwa saa nane. Kila ikiongezwa desibeli tatu, muda huo hupungua nusu. Kipimo cha nyumbani ni rahisi: ikiwa inakubidi kupaza sauti ili asikie mtu aliye umbali wa mkono mmoja, muziki umezidi. Jirani anayetoka lindo la usiku naye anahitaji usingizi. Uganda ilitoa kanuni za kudhibiti kelele mwaka 2003, na Kenya mwaka 2009. Si vizuri polisi aende kumwonya mwananchi hali nyumba yake mwenyewe inatikisika.

Ndugu askari, leo jioni kabla hujawasha muziki, geuza mtambo wako na utazame nyuma yake. Ukikuta kalamu katika tundu la juu, itoe, ukamtafute fundi. Mimi ile yangu ninayo bado. Imeyeyuka nusu, na nimeiweka juu ya kabati mahali ambapo kila mgeni huiona na kuniuliza habari yake.