Kufundisha Uchotara wa Mimea: Mfano wa Lantana

Katika mazoezi ya kufundisha huko Mikese, mtoto wa darasa la sita alimwuliza mwalimu: "Kama mimea chotara huvamia ardhi, mbona mahindi chotara ya baba hayavamii?" Mwalimu alikosa jibu. Sisi twaona kuwa swali hilo lafaa kuwa msingi wa somo zima.

Uchotara wa spishi hutokea chavua ya mmea mmoja inapotungisha ua la spishi nyingine iliyo jamaa yake. Mimea mingi ya namna hiyo hudhoofika au huwa tasa. Hata hivyo, vizazi vinavyofuata huwa na tabia za kila namna, na huenda ukatokea mmea unaostahimili ukame au kivuli kuliko wazazi wake.

Mfano mwema ni lantana, kichaka chenye miiba na majani ya harufu kali. Asili yake ni Amerika ya kitropiki. Kilifikishwa Ulaya katika karne ya 17, na watunza bustani wakachanganya jamaa zake ili wapate maua ya rangi nyingi. Mimea hiyo chotara ikasambazwa katika nchi za joto kama pambo. Ndege wakala matunda yake, wakaangusha mbegu mashambani na misituni.

Somo lifuate hatua hizi:

1. Onyesha gunzi la mahindi meupe yaliyopandwa karibu na ya njano. Punje za njano zilizomo zimetokana na chavua ya jirani. Eleza kuwa hapa waliochanganyika ni wa spishi moja.

2. Wanafunzi walinganishe maua ya vichaka kadhaa vya lantana. Tahadhari: katika kishada kimoja rangi hubadilika ua linapozeeka, huo si uchotara. Matunda mabichi ni sumu, yasionjwe.

3. Waulize: nani hupanda mbegu? Punje za mhindi hushikwa na gunzi na kufunikwa na maganda. Bila mkono wa mkulima hazisambai. Lantana hupandwa na ndege.

Jibu la mtoto yule limepatikana. Uchotara huleta tabia mpya tu. Uvamizi huhitaji pia njia ya kusambaa na ardhi iliyo wazi. Basi tusiwafundishe watoto kuogopa mbegu chotara zinazowalisha, bali wachunguze kwanza ua wanaloleta kupamba shule.