Kimiminika Kinavyokuza Mwendo Mdogo (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu iliyotangulia ilielezwa kwamba mnamo 1880 ndugu wawili wa Ufaransa, Pierre na Jacques Curie, waligundua kuwa fuwele za aina fulani hutoa umeme zinapobanwa, na mwaka uliofuata wakathibitisha kwamba kinyume chake ni kweli pia, yaani zikipewa umeme hurefuka. Hata hivyo, rundo la vipande vyembamba vya seramiki yenye tabia hiyo, lenye urefu wa milimita 40, likipewa zaidi ya volti 100, hurefuka kwa mikromita 40 hivi tu, chini ya unene wa unywele, ingawa kani yake yaweza kuinua mamia ya kilo.

Nguvu tele, mwendo haba: hapo ndipo kimiminika kinapohitajika. Katika jeki ya mafuta, pistoni nyembamba husogea sana ili pistoni nene inyanyue gari kidogo; hapa mpango huo hugeuzwa. Kwa kuwa kanieneo, yaani kani inayoelemea kila kipimo cha eneo, huenea sawasawa katika kimiminika kilichofungiwa, pistoni yenye kipenyo cha milimita 10 ikisukuma mafuta kuelekea nyingine ya milimita 5, mikromita 40 huwa 160, na kani hupungua hadi robo.

Hesabu hiyo nyepesi ina adui mkubwa, nayo ni hewa. Mafuta yanayosukumwa hapo ni milimita tatu za ujazo tu, kwa hiyo kiputo kimoja kidogo kama punje ya ulezi chaweza kumeza sehemu kubwa ya mwendo, na hata mafuta yenyewe hubonyea kidogo, jambo linalowalazimu wahandisi kukifanya chumba chake kiwe kidogo kadiri inavyowezekana.

Linalostaajabisha zaidi ni kwamba chumba hicho huachwa kivuje kwa makusudi. Katika nozeli za pizo za injini za dizeli, yaani zile zinazoendeshwa na seramiki kama hiyo, joto hurefusha chuma na seramiki kwa viwango tofauti, lakini kwa kuwa badiliko hilo ni la polepole, mafuta hupenya katika mwanya mwembamba kandokando ya pistoni na kulisawazisha, ilhali pigo la umeme, linalodumu chini ya milisekunde chache, huyakuta mafuta hayana muda wa kukimbia, nayo husukuma kama chuma. Kiasi kidogo kinachovuja hurudishwa na kanieneo ya njia ya marejeo ya mafuta. Ikikosekana, chumba hubaki kitupu, seramiki husukuma pasipo na kitu, na injini haiwaki.