Thamani ya Sarafu: Neno Moja, Mambo Matatu

Mtu wa Lukole, wilayani Ngara, aokotapo shambani sarafu yenye tundu katikati na maandishi ya Kijerumani, swali lake la kwanza ni moja: ina thamani gani? Mfasiri, mwalimu na karani watamjibu upesi, na kila mmoja atamjibu jambo lake. Katika makala haya tunakusudia kulichambua neno hilo, kwani mwenye sarafu ndiye anayepata hasara maneno yanapochanganywa.

Kwanza tuitaje sarafu yenyewe. Mwaka 1904 Wajerumani waliigawa rupia yao kuwa heller 100 badala ya pesa 64. Ndiko lilikotoka neno letu hela, ambalo sasa ni fedha yoyote; kwa hiyo mwandishi makini ataandika «heller ya Kijerumani». Je, ni sarafu ya kigeni? Hadi vita vya 1916 Ngara, Urundi na Ruanda zote zilikuwa chini ya koloni moja, na heller ilikuwa fedha halali pande zote za mpaka wa leo. Tunapendekeza «sarafu ya kigeni» iwe ile ya dola nyingine, na «sarafu iliyofutwa» iwe ile isiyo halali tena. Faranga ambayo mkimbizi wa Burundi aliingia nayo katika kambi ya Lukole, iliyofungwa mwaka 2008, ilikuwa ya kigeni bila ya kufutwa. Heller imefutwa, na hapo haikuwa ngeni.

Sasa thamani. Ipo thamani iliyoandikwa, yaani ile ambayo serikali imeitia juu ya sarafu. Sarafu ikifutwa, hiyo hufa. Ipo thamani ya madini. Mfano mwema ni reale ya Maria Theresa iliyotumika sana pwani: ina uzito wa gramu 28 hivi, na zaidi ya sehemu nane katika kumi ni fedha safi. Reale hiyo imeandikwa mwaka 1780, lakini iliendelea kutengenezwa kwa mwaka huohuo hata katika karne ya 20, jambo linalowaponza wanaodhani kwamba umri ndio uletao bei.

Jambo la tatu tungependa lisiitwe thamani kamwe, bali «bei ya wakusanyaji», kwa kuwa hupanda na kushuka kwa kadiri ya wanaoitaka. Mwaka 1916, meli za adui zilipokuwa zimeifunga pwani, Wajerumani walifua sarafu katika karakana ya reli ya Tabora. (Twapendelea «kufua», kama afanyavyo mfua fedha; «kuchapa» tuliachie noti.) Rupia 15 za dhahabu iliyotoka Sekenke, zenye picha ya ndovu, zilifuliwa 16,198 tu. Heller 20 za shaba na za shaba nyeupe zilizidi milioni moja. Mwaka ni mmoja, karakana ni moja, na bei zao haziwezi kulinganishwa hata kidogo. Hata hivyo idadi iliyofuliwa siyo idadi iliyosalia, kwani nyingi huyeyushwa au kupotea. Kwa hiyo «uchache» bila ya maelezo hautoshi.

Hapo huingia hali ya sarafu. Mwenye kuiokota huisugua kwa mchanga au majivu ipate kung'aa, akidhani anaipandisha bei. Kumbe anauondoa utando wa rangi uliojijenga kwa miaka mingi, na kuacha mikwaruzo ambayo mkusanyaji huitambua mara moja. Basi katika maelezo tuseme «iliyosuguliwa» na tusiseme «safi», kwa maana neno «safi» humpotosha muuzaji na mnunuzi pia.

Limebaki neno «kale», ambalo watumishi wa serikali wanapaswa kulitumia kwa hadhari. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 huvihifadhi vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863. Sarafu ndogo za shaba za masultani wa Kilwa zimo humo. Heller ya Ngara haimo. Ya kwanza iitwe «sarafu ya kale», nayo yahusu ofisi ya mambo ya kale kabla ya kumhusu mfanyabiashara. Ya pili ni «sarafu ya zamani» tu.