Ada Inalipwa Juu, Msongamano Uko Chini

Saa kumi na moja jioni, karibu na mzunguko wa Bunyala jijini Nairobi, Barabara ya Uhuru huwa imejaa pomoni. Wachuuzi wa njugu na maji hupenya kati ya magari bila wasiwasi, maana wanajua hayaendi popote. Kondakta wa matatu anaweza kushuka, akatembea kando ya gari lake, na lisimwache. Juu ya vichwa vyao, kwenye Nairobi Expressway, gari linapita, panakuwa na nafasi, kisha linapita jingine.

Barabara hiyo ya juu, ya kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, ilifunguliwa Mei 2022. Iliyoijenga ni kampuni ya China Road and Bridge Corporation, na fedha zilizotumika zinarudishwa kwa ada ya kila gari linalopita. Januari 2024 ada ya gari dogo kwa safari nzima ilipanda kutoka shilingi 360 hadi 500. Sababu iliyotolewa ni kwamba shilingi ilikuwa imeporomoka mbele ya dola. Hiyo ni sababu ya mtu mwenye deni, na haihusiani kabisa na foleni iliyoko chini.

Mwanauchumi Mwingereza Arthur Pigou aliliwaza jambo la namna hii mwaka 1920. Alichukua mfano wa barabara mbili zinazokwenda mahali pamoja; tuseme moja ni nzuri lakini nyembamba, nyingine mbovu lakini pana. Watu watajazana kwenye ile nzuri hadi iwe ya polepole sawasawa na ile mbovu, na uzuri wake usimfae mtu. Dawa, alisema Pigou, ni kutoza ada kwenye ile inayojaa. Nairobi tumefanya kinyume: tunalipia penye nafasi, na penye msongamano ni bure.

Hoja ya Pigou inategemea hesabu ambayo dereva haioni. Njia moja ya barabara kuu hupitisha takriban magari 2,000 kwa saa. Yakiwa 1,200, gari moja zaidi halimsumbui mtu. Yakikaribia 2,000, kila anayeingia anawachelewesha walio nyuma. Tuseme gari lako limewaongezea madereva 300 sekunde 2 kila mmoja: umekula dakika 10 za wenzako, na hukulipa hata senti. Wewe, bila shaka, unaamini ni wao waliokuchelewesha.

Kuanzia miaka ya 1950, mwanauchumi William Vickrey wa Chuo Kikuu cha Columbia alisisitiza kwamba bei ya barabara ibadilike kwa saa, ipande watu wanapobanana na ishuke usiku. Walimsikiliza wachache. Alitangaziwa Tuzo ya Nobeli Oktoba 1996, akafariki siku 3 baadaye. Singapore ilikuwa imeanza kutoza magari yanayoingia katikati ya mji tangu 1975, lakini New York, mji wa Vickrey mwenyewe, ilianza Januari 2025.

Ushahidi mzuri zaidi ulitoka Stockholm, kwa sababu huko walianza, wakaacha, wakaanza tena. Januari 2006 kamera zilianza kazi kwenye njia zote za kuingia katikati ya mji, na magari yakatozwa kroni 10 hadi 20 kulingana na saa. Magari yanayovuka mpaka wa eneo hilo yakapungua kwa takriban asilimia 20. Muda wa kukaa kwenye foleni ulipungua zaidi ya hapo, baadhi ya njia hadi nusu, kwani barabara iliyofika ukomo huhitaji kuondolewa magari machache tu ili izibuke. Majaribio yakaisha Julai, ada ikaondolewa, magari yakarudi. Wakazi waliokuwa wakiipinga walipiga kura Septemba na kuikubali, na Agosti 2007 ikarejeshwa. Kodi inayopendwa baada ya kulipwa ni kitu adimu duniani.

Wanaoisifu Stockholm husahau jambo moja. Miezi kadhaa kabla ya ada, mji uliongeza mabasi karibu 200. Aliyeacha gari nyumbani alikuwa na kitu cha kupanda. Nairobi, anayeacha gari lake anapanda matatu iliyokwama kwenye foleni ileile, na abiria wote waliomo wanachelewa sawa na mtu mmoja aliye peke yake ndani ya gari lake dogo. Kupanua barabara nako hakujatuokoa: Thika Road ilipanuliwa na kuzinduliwa 2012, na anayepita Githurai, kwenye barabara hiyo, jioni anajua kilichofuata.

Sisemi Expressway haina faida. Anayewahi ndege anaijua thamani yake. Lakini haikuwekewa bei ya kupunguza msongamano, na ada isiyobadilika kutoka asubuhi hadi usiku haiwezi kumshawishi mtu aahirishe safari kwa saa moja. Cha kwanza kingekuwa njia ya matatu na mabasi peke yao huko chini; ada kwa magari ya binafsi ije baadaye, na ilipwe pale foleni ilipo. Siku ukitangaziwa ada mpya kwa jina la kupunguza msongamano, uliza inashuka saa ngapi, kisha uliza matatu zitapita wapi. Ukikosa majibu hayo, jua unaombwa kulipa deni.