Maji ya Bati: Yabomoe Shule au Yaitunze?

(Muziki wa kipindi. Unashuka polepole.)

MTANGAZAJI: Leo tunaongea juu ya kutunza mazingira ya shule, na tunaanzia juu kabisa, kwenye bati.

Shule niliyosoma nilipofika Rwanda ilikuwa mteremkoni, kama shule nyingi za huku. Bati zake hazikuwa na mfereji. Mvua ikinyesha, maji yalimwagika chini ya ukuta, yakachimba korongo mpaka kwenye vyoo vya wasichana. Siku moja sakafu ikapasuka, vyoo vikafungwa, na wasichana wengine wakaanza kubaki nyumbani. Jua likiwaka, sisi wanafunzi tulitumwa bondeni na bidoni kuteka maji, tukakosa somo la kwanza. Maji yaliyovunja choo ndiyo hayohayo tuliyokuwa tukiyafuata bondeni!

Tufanye hesabu kidogo. Mvua ya milimita 1 kwenye mita 1 ya mraba inatoa lita 1. Bati la darasa lenye urefu wa mita 8 na upana wa mita 7 ni mita za mraba 56. Mvua ya milimita 20 inaleta lita 1,120. Hata sehemu ikipotea, unapata kama bidoni 45 za lita 20. Hilo ni darasa moja, mvua moja.

(Sauti ya mvua kwenye bati. Inashuka.)

Sasa tufanye nini? Kwanza, mfereji ukingoni mwa bati, ulioinama kidogo kuelekea kwenye tangi au pipa. Mvua ya mwanzo iachwe ipite, kwa sababu inaosha vumbi na kinyesi cha ndege. Tangi lifunikwe ili mbu wasizalie humo. Maji hayo yanafaa kwa kunawa, kusafisha vyoo na kumwagilia miche. Ya kunywa lazima yachemshwe au yatiwe dawa.

Pili, tangi likijaa, maji yanayofurika yawe na njia yake, mbali na ukuta na vyoo.

Tatu, mteremko. Wakulima wa Machakos, Kenya, wanajulikana kwa mtaro uitwao fanya juu. Unachimba mtaro unaokata mlima kwa usawa, bila kushuka nao, na udongo unautupa upande wa juu. Juu ya tuta hilo panda majani ya tembo, ambayo jirani zetu Wanyarwanda wanayaita urubingo. Mizizi inashika udongo, na majani yakikatwa ni chakula cha ng'ombe na mbuzi. Miti ipandwe mvua zinapoanza, na kila darasa lipewe miche yake ya kuitunza. Wakati wa kiangazi, maji ya tangi yatasaidia miche isife.

Mwangalie na takataka pia. Rwanda ilikataza mifuko ya plastiki mwaka 2008. Chupa na vifuniko vikibaki uwanjani vinaziba mtaro, na maji yanarudi ukutani.

Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, mvua kubwa iliua watu zaidi ya 130 nchini Rwanda, wengi wao katika jimbo hili la Magharibi. Mtaro wa shule hauwezi kuzuia mvua ya namna ile. Ukiona ufa mpya mlimani au ukutani, watoto watoke kwanza, halafu toa taarifa.

Najua kuna mzazi anayesema, "Shule hii si yetu, sisi ni wapita njia." Mama, baba, ninakuelewa. Lakini binti yako anahitaji choo kesho asubuhi, popote mtakapokuwa mwakani. Ongea na kamati ya wazazi na mkuu wa shule kabla ya kuchimba chochote. Jumamosi ya mwisho ya mwezi ni Umuganda; mnaweza kuomba kazi ya siku hiyo ifanyike shuleni.

Mvua ijayo ikinyesha, mkiwa salama, tazameni maji ya bati la shule yanaelekea wapi. Mtaro wa kwanza uanzie hapo.



(Muziki unapanda.)