China: Sayari tano zilipokutana, jenerali mzee alikataa kushambulia

Mwezi Oktoba 1995, wachunguzi wa mambo ya kale kutoka China na Japani walifungua kaburi kwenye mabaki ya mji wa Niya, katika jangwa la Taklamakan, magharibi mwa China. Humo walikuta kitambaa cha hariri cha kufungwa mkononi, chenye urefu wa sentimita 18.5. Kimefumwa herufi nane zinazosema kwamba sayari tano zikitokea mashariki, China itafaidika.

Kitambaa hicho kimehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Xinjiang, mjini Urumqi, na serikali ya China imekataza kionyeshwe nje ya nchi. Maneno yake yalikuwa na uzito: yaliwahi kutumiwa kuhimiza vita.

Wachina wa kale walizijua sayari tano zinazoonekana kwa macho, kila moja na asili yake: Utaridi ni maji, Zuhura ni chuma, Mirihi ni moto, Mshtarii ni mti na Zohali ni udongo. Waliamini kwamba mbingu ndiyo humpa mfalme mamlaka, na ndiyo humnyang'anya. Kwa hiyo kutazama nyota ilikuwa kazi ya serikali, na sayari tano zikikusanyika pamoja, habari ilifika kwa mfalme.

Mwaka 61 kabla ya Yesu Kristo, mfalme Xuan wa ukoo wa Han alikuwa akipambana na watu wa Qiang, mpakani magharibi. Alimwandikia jenerali Zhao Chongguo, mzee wa zaidi ya miaka 70, akimtaka ashambulie haraka. Moja ya sababu alizotoa: sayari tano zimetokea mashariki, kwa hiyo ushindi ni wetu.

Jenerali alijibu kwa hesabu ya chakula. Aliomba wapanda farasi warudishwe nyumbani, kisha askari wapatao elfu 10 wabaki wakilima mashamba huku wakingoja adui agawanyike. Mwanzoni ni washauri watatu tu kati ya kumi waliomuunga mkono. Baadaye wakawa watano, na mwishowe wanane. Mfalme akakubali. Mwaka uliofuata, Waqiang wengi walikuwa wamejisalimisha.

Karne ya 5, mtaalamu Gao Yun alikwenda mbali zaidi. Vitabu vya historia vilidai kwamba sayari tano zilikutana katika mwezi wa 10 wa mwaka ambao ukoo wa Han ulianza kutawala. Gao Yun alisema haiwezekani: Utaridi na Zuhura haziachani mbali na jua, na mwezi huo jua lilikuwa upande mwingine wa anga. Mwenzake mkubwa, Cui Hao, alibisha. Baada ya kupiga hesabu upya, alikiri kwamba Gao Yun alisema kweli.

Hesabu za leo zinaonyesha kwamba sayari hizo zilikutana Mei 205 kabla ya Yesu Kristo. Walioandika historia waliisogeza tarehe ili mbingu ionekane imembariki mfalme wao tangu siku ya kwanza.

Sayari hizo tano zitakaribiana tena tarehe 8 Septemba 2040. Zitaonekana magharibi mara baada ya jua kutua, hata kutoka Bukavu na Lubumbashi, bila kifaa chochote.